Jinsi ya Kuhudhuria Mhadhara wa Jioni wa Afya ya Kimataifa Jijini London

Kila inapofika Oktoba, mwaka mpya wa masomo unapoanza Uingereza, maswali huwa ni yaleyale: je, mtu asiye mwanafunzi wa chuo anaruhusiwa kuingia, je, kuna kiingilio, mtu avae nini, na, swali linaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko mengine yote, je, si utovu wa adabu kumsimamisha profesa kwa swali mbele ya watu? Majibu mafupi ni kwamba mihadhara mingi ya wazi ni ya bure, kwamba mtu yeyote anaingia alimradi amefuata utaratibu wa usajili, kwamba nguo safi za kawaida zinatosha, na kwamba maswali ya wasikilizaji yametengewa muda wake maalumu kwenye ratiba. Maelezo yanayofuata yamekusudiwa mwanafunzi aliyefika karibuni, muuguzi anayefanya kazi katika hospitali za huko, na pia aliyeko Dar es Salaam, Nairobi au Bukavu anayetaka kufuatilia kwa intaneti.

Mfano nitakaoutumia ni London School of Hygiene & Tropical Medicine, ambacho wengi hukitaja kwa herufi zake tu, LSHTM. Chuo hiki cha afya ya jamii na magonjwa ya nchi za joto kilianzishwa mwaka 1899, na uhusiano wake na kwetu haujakatika: kinashirikiana na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu katika kituo cha majaribio ya tiba kilichopo Mwanza, na tangu mwaka 2018 kimekuwa na kitengo cha utafiti Entebbe, Uganda. Kwa hiyo si ajabu ukakaa ukumbini London na kukuta ramani iliyo mbele yako ni ya Ziwa Victoria. Utaratibu ulioelezwa hapa, hata hivyo, utakufaa katika chuo kingine chochote cha jiji hilo.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Uthibitisho wa usajili, ukiwa umehifadhiwa kwenye simu kama picha, kwa sababu mtandao wa simu huweza kukuangusha mlangoni.
- Kitambulisho chenye picha. Si kila mara utaulizwa, lakini siku utakayoulizwa hakuna cha kujitetea.
- Daftari dogo na kalamu.
- Swali moja lililoandikwa, kama itakavyoelezwa katika hatua ya nne.
- Koti, hata kama mchana ulikuwa na jua.
- Chakula tumboni. Vitafunwa vya baada ya mhadhara si mlo.

Hatua kwa hatua

1. Tambua ni hafla ya aina gani. Tangazo likisema ni mhadhara wa wazi, tarajia mzungumzaji mmoja kwa muda wa dakika arobaini hivi, kisha maswali. Likisema ni mjadala wa jopo, watakuwapo watu watatu au wanne pamoja na mwenyekiti, na maswali huchukua sehemu kubwa zaidi ya jioni. Mhadhara wa kuingia uprofesa ni jambo jingine kabisa: ni sherehe ya mtu aliyepandishwa cheo, wazazi na watoto wake huwa wamekaa safu ya mbele, na mara nyingi hakuna maswali ya hadharani. Ukijiandaa kwa swali kali la takwimu siku kama hiyo, utabaki nalo mfukoni, na ni heri libaki huko.

Hafla nyingine hutangazwa kuwa zinafuata kanuni ya Chatham House. Maana yake ni kwamba unaruhusiwa kuyatumia uliyoyasikia, lakini huruhusiwi kumtaja aliyeyasema wala taasisi yake. Ukiona maneno hayo kwenye tangazo, usirushe chochote mtandaoni kwa jina la mtu.

2. Jisajili mapema, na uisome saa mara mbili. Fomu ya usajili huuliza jina, baruapepe, na wakati mwingine taasisi unakotoka. Kama huna taasisi, andika kazi yako. Hakuna atakayekuzuia kwa hilo. Kumbuka kwamba kwa hafla za bure waandaaji wengi hutoa tiketi nyingi kuliko viti, kwa kuwa wanajua baadhi ya waliojisajili hawatafika. Tiketi hiyo basi haikuhakikishii kiti. Anayekihakikisha ni miguu yako.

Kosa linalowagharimu wengi ni la saa. Tangazo huandika 17:30, yaani saa 11:30 jioni kwa hesabu yetu, na ndugu akiulizwa kwa simu wakati yuko mbioni hutaja saa tano na nusu bila kufikiri. Andika saa zote mbili kwenye kalenda yako. Kwa anayefuatilia akiwa Afrika Mashariki, kuna mtego wa pili: Waingereza hurudisha saa zao nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba na kuzisogeza mbele Jumapili ya mwisho ya Machi. Katika miezi ya baridi, mhadhara wa 17:30 London unaanza saa 2:30 usiku Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Katika miezi ya joto unaanza saa 1:30 usiku. Aliyeko Kigali, Bujumbura, Goma au Lubumbashi apunguze saa moja kutoka hapo, na aliyeko Muscat aongeze moja.

3. Soma kidogo kuhusu mzungumzaji na mada. Neno kidogo nimelikusudia. Tafuta makala moja ya kitaalamu aliyoiandika, usome muhtasari na sehemu ya mwisho inayojadili matokeo, kisha uache. Anayejaribu kusoma makala sita usiku wa kuamkia mhadhara hufika amechoka na hajui lipi lilitoka wapi. Andika pia maneno matano au sita ya Kiingereza ambayo huna hakika nayo, uyatafutie maana, kwa kuwa mzungumzaji hatasimama kuyafafanua.

Ukitaka kuelewa grafu zitakazoonyeshwa, mambo matatu yanatosha: ni nani waliopimwa, walilinganishwa na nani, na kwa muda gani. Mengine ya takwimu yanaweza kusubiri.

4. Andaa swali moja. Hapa ndipo jioni nzima inapoamuliwa, na ndipo watu wetu wengi wanapojinyima. Ukumbini hukaa watafiti waliokwenda Mwanza kwa wiki tatu na wakarudi na maswali kumi, huku aliyezaliwa Sengerema na kufanya kazi ya zahanati miaka kadhaa akikaa safu ya nyuma, kimya, akingoja mtu mwingine aulize analolijua yeye. Adabu tuliyolelewa nayo ya kutompinga mkubwa mbele ya watu ni adabu njema, lakini haivunjwi na swali. Katika kumbi hizi swali zuri huhesabiwa kuwa heshima kwa mzungumzaji, kwa sababu linaonyesha kwamba alisikilizwa.

Swali zuri lina sehemu mbili tu: jambo moja mahususi alilolisema au kuliandika, na jambo moja unalotaka alieleze. Chukua mfano wa utafiti mashuhuri uliofanyika vijijini mkoani Mwanza na kuchapishwa mwaka 1995. Watafiti waliimarisha tiba ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya kawaida vya afya, wakalinganisha jamii sita zilizopata huduma hiyo na sita ambazo zilikuwa bado, na baada ya miaka miwili maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi yalikuwa yamepungua kwa takriban asilimia 40. Kisha, upande wa pili wa ziwa, wilayani Rakai nchini Uganda, utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 1999 ulitoa dawa za magonjwa ya zinaa kwa watu wazima wote kila baada ya miezi kumi, na haukuona upungufu wowote wa maambukizi ya virusi hivyo. Kama mzungumzaji wako anahusika na eneo hili, swali liko tayari: "Mwanza walitibiwa wenye dalili, kila siku, kituoni, Rakai walitibiwa wote kwa mpigo, kwa vipindi. Je, tofauti ya matokeo ilitokana na namna ya kutoa tiba, au na hatua ambayo mlipuko ulikuwa umefikia katika kila mahali?" Halihitaji shahada tatu kuuliza hilo, linahitaji kusoma mihtasari miwili.

Linganisha na swali ambalo husikika karibu kila jioni, na ambalo mwenyekiti hulipokea kwa tabasamu la uchovu: "Una maoni gani kuhusu hali ya afya barani Afrika?" Hilo si swali. Wala hotuba ya dakika tatu inayomalizikia na "unasemaje kuhusu hilo?" si swali.

Liandike kwa Kiingereza utakachokitumia, lisizidi sentensi tatu, kisha lisome kwa sauti nyumbani. Ukiona pumzi inakatika kabla ya kufika mwisho, lipunguze. Liwe pia na nafasi ya kubadilishwa, kwa kuwa mzungumzaji anaweza kulijibu katikati ya mhadhara wake. Ndiyo maana unabeba kalamu.

5. Panga safari, na panga sala. Jengo la LSHTM lipo Keppel Street, eneo la Bloomsbury. Ukishuka kituo cha Goodge Street au Russell Square, utatembea kwa muda wa dakika kumi hivi, na mnara mweupe wa Senate House ulio jirani utakuongoza. Utajua umefika ukiinua macho: vizuizi vya roshani vimepambwa kwa mbu, kiroboto, panya na nyoka waliopakwa rangi ya dhahabu, yaani wabebaji wa maradhi na wenye sumu wote wamewekwa mlangoni kama mapambo ya arusi. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1929. Juu ya kuta zake yamechongwa majina ya magwiji wa tiba, na hadi mwaka 2019, yalipoongezwa matatu ya wanawake, yote yalikuwa ya wanaume.

Kwa Mwislamu, saa za London zinahitaji hesabu ya pekee. Desemba jua huzama kabla ya saa 10 jioni, kwa hiyo Magharibi unaiswali kabla ya kwenda ukumbini. Juni linazama baada ya saa 3 usiku, na hakuna mgongano. Ugumu upo katika nusu ya pili ya Oktoba na mwishoni mwa Februari, Magharibi inapoingia katikati kabisa ya mhadhara. Uliza kwa baruapepe, siku mbili kabla, kama kuna chumba cha sala. Vyuo vingi vya jiji hilo vinacho, na waandaaji hawaoni ajabu kuulizwa. Kisha uchague kiti cha pembeni karibu na mlango, utoke na kurudi bila kuwainua watu.

6. Fika dakika ishirini kabla. Mhadhara uliotangazwa kuanza saa 11:30 utaanza saa 11:30. Hakuna mgeni rasmi anayesubiriwa. Mapokezi utataja jina, pengine utapewa kibandiko cha kuvaa kifuani, nawe ukiandike kwa herufi kubwa zinazosomeka, kwa sababu kibandiko hicho ndicho kitakachokusaidia katika hatua ya tisa.

Keti katikati au mbele kidogo, upande ambao mhudumu mwenye kipaza sauti anaweza kufika. Usikae safu ya mwisho. Safu ya mwisho ni ya wanaokusudia kuondoka mapema.

7. Sikiliza kwa kalamu. Usijaribu kuandika kila kitu. Gawa ukurasa pande mbili: kushoto yale anayoyasema, kulia yale yanayokufanya uulize. Kabla ya kupiga picha slaidi, sikiliza kama ameomba zisipigwe, jambo linalotokea mara nyingi pale matokeo yanapokuwa hayajachapishwa. Picha ya mgonjwa ikionyeshwa, simu ibaki mfukoni hata kama hakuna aliyekataza.

8. Uliza. Mwenyekiti akifungua muda wa maswali, inua mkono mara moja. Mikono miwili ya kwanza huonekana. Wa kumi hauonekani. Ngoja kipaza sauti kikufikie hata kama una sauti ya muadhini, kwa kuwa wanaofuatilia kwa intaneti hawakusikii bila hicho. Taja jina lako, kazi au masomo yako kwa maneno machache, kisha swali. Usianze kwa kuomba radhi kwa Kiingereza chako, kwa maana hakuna aliyelalamika. Mwenyekiti anaweza kukusanya maswali matatu kwa pamoja kabla ya majibu, hivyo usishangae usipojibiwa papo hapo.

Anayefuatilia kwa intaneti aandike swali lake kwenye kisanduku cha maswali, si kile cha maongezi ambako watu wanasalimiana na kutaja miji waliyopo. Aliandike mapema, kabla mhadhara haujaisha, kwa kuwa mwenyekiti huanza kuyapitia wakati mzungumzaji bado anaendelea, na mara nyingi wasikilizaji wengine wanaweza kulipigia kura ili lipande juu.

9. Baki kwa tafrija. Baada ya makofi, watu huhamia kwenye ukumbi wa nje ambako kuna mvinyo, juisi, maji, karanga na vipande vya jibini. Huko ndiko kazi hupatikana, wasimamizi wa tasnifu hupatikana, na mtu anayelijua shirika unalolitafuta hupatikana. Kuondoka wakati huo ni kuacha nusu ya jioni. Hulazimiki kunywa kileo, na hakuna atakayekuuliza sababu ukishika glasi ya juisi. Kuhusu nyama, uliza kama ni halali; visivyo na nyama kwa kawaida huwekewa alama.

Watu husimama kwa makundi. Kundi lililofunga duara liache. Kundi la watu wawili waliosimama kama mlango ulioachwa wazi liendee, usubiri sentensi imalizike, ujitambulishe. Mzungumzaji mwite Profesa au Daktari pamoja na jina la ukoo mpaka yeye mwenyewe akuambie umwite kwa jina lake la kwanza, jambo atakalolifanya upesi. Zungumza naye dakika mbili tatu, uombe ruhusa ya kumwandikia, kisha uwapishe wengine. Anayemganda profesa kwa robo saa hukumbukwa, lakini si kwa wema.

10. Andika baruapepe kesho yake. Sentensi nne zinatosha: mlikutana wapi, jambo gani alilolisema limekusaidia, ombi lako moja, na shukrani. Kwa mfano, omba makala aliyoitaja, au jina la mtu wa kuwasiliana naye Mwanza au Entebbe. Usiombe ufadhili katika barua ya kwanza. Usiambatishe wasifu wako kama hakuuomba.

Mambo yakienda kombo

*Tiketi zimekwisha.* Jiandikishe kwenye orodha ya wanaosubiri, na ukiwa jirani fika tu dakika ishirini kabla. Viti vya wasiofika hutolewa mlangoni muda mfupi kabla ya kuanza. Ikishindikana, angalia kama mhadhara unarushwa moja kwa moja au utawekwa mtandaoni baadaye.

*Umechelewa.* Ingia kwa mlango wa nyuma wa ukumbi, simama hadi slaidi ibadilike, keti kiti cha kwanza ulichokiona. Usitafute rafiki yako gizani.

*Huelewi lafudhi ya mzungumzaji.* Fuata slaidi na uandike namba na majina. Mengine yatakujia ukisoma makala yake. Kwa wanaofuatilia kwa intaneti, washa maandishi ya chini ya skrini kama yapo.

*Mtu mwingine ameuliza swali lako.* Usilirudie kwa maneno mengine. Sikiliza jibu, na kama limeacha pengo, uliza juu ya pengo hilo.

*Mzungumzaji amekosea jambo kuhusu nchi yako.* Kama ni kosa dogo, mathalani ameuita mkoa wilaya, mwambie kwenye tafrija, naye atashukuru. Kama kosa linagusa hoja yenyewe, lisahihishe wakati wa maswali kwa kutaja ulichokiona na mahali ulipokiona, bila kupandisha sauti, na umalizie kwa swali: je, hoja yake inabaki vilevile baada ya sahihisho hilo?

*Umefika tafrija na humjui yeyote.* Simama karibu na meza ya vinywaji, kwa kuwa kila mtu atapita hapo. Muulize aliye jirani yako kilichomleta. Mara nyingi naye hamjui mtu.

*Baruapepe haijajibiwa.* Ngoja wiki mbili, kumbusha mara moja kwa sentensi moja, kisha uache na umwandikie mwanafunzi wake wa uzamivu, ambaye ana muda zaidi na mara nyingi ndiye aliyeshika data.

*Kuna mgomo wa treni za chini ya ardhi.* Angalia hali ya usafiri asubuhi ya siku yenyewe. Kutoka kituo kikuu cha Euston hadi Keppel Street ni mwendo wa dakika kama kumi na tano kwa miguu, na mabasi hupita Tottenham Court Road iliyo jirani, kwa hiyo mgomo peke yake si sababu ya kubaki nyumbani, ila ondoka mapema kuliko kawaida.